Kuondoa nodi kwenye Slurm bila kuua kazi ya mtu: mwongozo kamili

Miaka kadhaa iliyopita, katika taasisi ambayo nilikuwa nikihudumia klasta yake ndogo (kompyuta kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi pamoja), nodi moja, yaani kompyuta mojawapo ya hizo, ilianza kutoa makosa ya RAM. Fundi mwenzetu, kwa nia njema kabisa, aliandika amri moja ya kuitangaza kuwa imekufa, kisha akaenda kuichomoa. Ndani yake kulikuwa na kazi ya mwanafunzi wa uzamivu iliyokuwa imetimiza siku 11. Slurm iliirudisha kwenye foleni ikaanza upya kutoka sifuri. Nilipompigia simu yule dada kumweleza, alinyamaza kwanza, halafu akauliza: "Kwa hiyo kaka, hakuna hata kipande kilichobaki?" Hakikubaki.

Tangu siku ile nafuata mpangilio mmoja nisiouvunja hata mashine ikiwa inatoa moshi upande wa pili wa chumba: kwanza nodi inaacha kupokea kazi, kisha inamaliza ilizo nazo, kisha jina lake linatoka kwenye mafaili ya usanidi, na mwisho kabisa ndipo inazimwa. Amri zenyewe ni chache. Kinachowaponza watu ni kuzigeuza zamu.

Mwongozo huu ni wa Slurm, programu ya kupanga kazi iliyoanzia maabara ya Lawrence Livermore nchini Marekani, na ambayo leo utaikuta kwenye klasta nyingi za utafiti, kubwa kwa ndogo. Mfano wangu una nodi 16, kuanzia nodi01 hadi nodi16, na inayoondoka ni nodi12. Amri zote za usimamizi zinaendeshwa kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo.

Kwanza amua: inaondoka au inapumzika?

Kama mashine inakwenda kubadilishwa feni au kuongezwa RAM na itarudi ndani ya wiki chache, usiifute. Iweke kwenye hali ya DRAIN (isipokee kazi mpya), itengeneze, irudishe. Kufuta jina kunakulazimu kugusa mafaili ya klasta nzima na kuwasha upya huduma kila mahali, na hilo si jambo la kufanya kwa ajili ya feni. Futa pale tu mashine isiporudi: imekufa, imeuzwa, imehamishiwa kazi nyingine.

Ukishaamua, weka kumbukumbu kabla hujagusa chochote:

```
scontrol show node nodi12 > ~/nodi12-kabla.txt
sinfo -N -l > ~/sinfo-kabla.txt
cp -a /etc/slurm ~/slurm-nakala-$(date +%F)
```

Faili la kwanza litakuambia nodi ilikuwa na kora ngapi, RAM kiasi gani, GPU zipi na ilikuwa kwenye partisheni zipi, yaani makundi ya nodi ambayo kazi hutumwa kwake. Miezi sita baadaye mtu wa ripoti atakuuliza, na Slurm itakuwa haiijui tena.

Funga mlango, usiwatoe walio ndani

```
scontrol update NodeName=nodi12 State=DRAIN Reason="Inaondolewa, ubao mama mbovu"
```

Fikiria daladala ambayo konda ameacha kupakia. Walio ndani wanafikishwa waendako, ila hapandi mtu mpya. Ndivyo DRAIN ilivyo. Ikiwa bado ina kazi, `sinfo`, amri ya kuonyesha hali ya nodi, itaionyesha kama `drng`. Kazi zikiisha itakuwa `drain`. Sababu ni lazima uiandike, maana Slurm itakataa amri isiyo nayo, na mimi nashukuru kwamba inakataa. Andika sababu ambayo mwenzako wa zamu ya usiku ataielewa bila kukuamsha. Sababu zote, pamoja na saa na mtumiaji aliyeziweka, zinasomeka kwa `sinfo -R`.

Usitumie DOWN hapa. Hii ndiyo amri iliyomwangusha yule dada. DOWN inaua kila kazi iliyomo kwenye nodi papo hapo. Kazi zilizotumwa kwa `sbatch` kwa kawaida zitarudi kwenye foleni, kwa kuwa `JobRequeue` huwa 1 isipobadilishwa, lakini zitaanza mwanzo isipokuwa kama programu yenyewe ilikuwa ikihifadhi hatua zake. Zile za ana kwa ana, za `salloc` na `srun`, zinapotea tu.

DOWN ina hatari ya pili ambayo wengi hawaijui. Kama kwenye `slurm.conf`, faili kuu la usanidi wa Slurm, kuna `ReturnToService=2`, nodi iliyotangazwa DOWN ikijisajili tena ikiwa na usanidi sahihi inarudi kazini yenyewe. Unaichomoa jioni, mlinzi anarudisha umeme asubuhi, na kabla hujafika ofisini imeshapewa kazi. DRAIN haina tabia hiyo: itabaki imefungwa mpaka msimamizi aifungue kwa mkono wake.

Na kuchomoa waya bila amri yoyote? Kidhibiti, yaani `slurmctld`, huduma inayoongoza klasta nzima, kitaisubiri nodi kwa muda wa `SlurmdTimeout`, ambao ni sekunde 300 usipouweka wewe, kisha kitaitangaza DOWN chenyewe. Umefika palepale, umechelewa dakika 5 tu.

Kungoja, na kuzungumza na wenye kazi

```
squeue -w nodi12 -o "%i %u %T %M %L"
```

Safu ya mwisho ni muda uliobaki kwa kila kazi. Hapo ndipo unapojua kama utangoja hadi kesho au wiki 3. Angalia pia kazi zinazotumia nodi zaidi ya moja: kazi iliyoshika nodi11 na nodi12 kwa pamoja itaonekana hapa, na ukiiua kwa ajili ya nodi12 umeua na upande wa pili uliokuwa mzima.

Ikiwa muda ni mrefu au umeandikwa `UNLIMITED`, usikimbilie `scancel`, amri ya kuua kazi. Mwandikie mwenye kazi. Mimi huandika hivi, na kila kazi naitaja kwa namba yake ili mtu asianze kutafuta:

"Habari za leo, Daktari. Nodi12 inaondolewa kwenye klasta kwa sababu ubao wake mama una hitilafu. Kazi yako namba 48213 bado inaendelea humo na imebakiza siku 6. Je, programu yako inahifadhi hatua? Kama ndiyo, tunaweza kuihamishia nodi nyingine leo. Kama sivyo, naomba tujue ikiwa unataka tuisubiri, tukikumbuka kwamba mashine inaweza kuzimika yenyewe kabla ya hapo."

Hii sentensi ya mwisho ni ya lazima. Mtu ana haki ya kuchagua akijua hatari yenyewe. Akikubali kuhama, `scontrol requeue 48213` inairudisha kwenye foleni, na kwa kuwa nodi12 iko kwenye DRAIN haitaangukia pale tena.

Mara nyingine utakuta kazi imekwama kwenye hali ya `CG`, yaani inamalizia, na haimalizi. Mara nyingi ni mchakato ulionasa ukisubiri diski ya mtandao isiyojibu. Hauuliki hata kwa ishara ya 9, ile ya kuua kwa nguvu. Ingia kwenye nodi uthibitishe kwa `ps` kwamba hakuna kinachofanya kazi ya maana. Ukisharidhika, hapo tu ndipo DOWN ina nafasi yake halali: iweke nodi DOWN, na kazi iliyonasa itafutika kwenye orodha.

Wanaoidai nodi bila kuonekana

Nodi ikiwa tupu, watu hudhani kazi imeisha. Bado kuna madai mawili yaliyojificha.

Dai la kwanza ni nafasi zilizowekwa akiba. Endesha `scontrol show reservation` uone kama nodi12 imo kwenye akiba yoyote, labda ya darasa la mwezi ujao. Kama imo, badilisha orodha ya nodi za akiba hiyo, na mwambie mwalimu wa darasa kwamba amepungukiwa na nodi moja.

Dai la pili ni kazi zinazosubiri ambazo mtu ameitaja nodi12 kwa jina. Watumiaji hufanya hivyo kuliko unavyodhani. Mtu alipata matokeo ya haraka pale siku moja, akaiandika kwenye skripti yake milele.

```
squeue -t PD -o "%i %u %n"
```

Safu ya tatu inaonyesha majina ya nodi yaliyoombwa waziwazi. Ukiona nodi12, wasiliana na mwenye kazi aitume upya bila jina hilo.

Jiulize pia swali hili: je, nodi12 ndiyo pekee yenye kitu fulani? Kama ndiyo nodi ya mwisho yenye GPU, au ndiyo pekee yenye RAM ya GB 512, kazi zote zinazosubiri kitu hicho hazitaanza kamwe. Zitakaa kwenye foleni kimya na sababu kama `BadConstraints`. Ni bora watumiaji wasikie habari hiyo kutoka kwako leo.

Kufuta jina kwenye mafaili

Hapa kuna mtego mdogo ulionipotezea saa nzima nilipokuwa mgeni wa kazi hii. Utataka kutafuta jina kwa `grep nodi12`, nayo haitarudisha kitu, kwa sababu jina limefichwa ndani ya mabano ya mraba. Tafuta mzizi wa jina:

```
grep -rn "nodi" /etc/slurm/
```

Tuseme `slurm.conf` yako ina mistari hii:

```
NodeName=nodi[01-16] CPUs=32 RealMemory=128000 State=UNKNOWN
PartitionName=kawaida Nodes=nodi[01-16] Default=YES MaxTime=7-00:00:00 State=UP
PartitionName=ndefu Nodes=nodi[09-16] MaxTime=30-00:00:00 State=UP
```

Inakuwa:

```
NodeName=nodi[01-11,13-16] CPUs=32 RealMemory=128000 State=UNKNOWN
PartitionName=kawaida Nodes=nodi[01-11,13-16] Default=YES MaxTime=7-00:00:00 State=UP
PartitionName=ndefu Nodes=nodi[09-11,13-16] MaxTime=30-00:00:00 State=UP
```

Kosa la kawaida ni kurekebisha mstari wa `NodeName` na kuusahau mmojawapo wa partisheni. Kidhibiti kikikuta partisheni inataja nodi isiyofahamika kinaandika kosa kwenye logi (faili lake la kumbukumbu za matukio), na mara nyingi kinagoma kuwaka kabisa. Partisheni iliyoandikwa `Nodes=ALL` haihitaji kuguswa. Mistari ya `NodeSet`, kama unayo, inahitaji.

Hakikisha mabano yako kabla ya kwenda mbele. Slurm yenyewe itakufungulia:

```
scontrol show hostnames 'nodi[01-11,13-16]' | wc -l
```

Jibu liwe 15. Likiwa 14 au 16, umekosea koma mahali. Usiache zile alama za nukuu, maana bila hizo terminali inaweza kuyafasiri mabano kivyake.

Kisha pitia `gres.conf` ikiwa nodi ilikuwa na GPU, na `topology.conf` ikiwa umeeleza swichi na nodi zilizounganishwa nazo. Mafaili haya mawili husahaulika kwa sababu hayaguswi kwa miaka.

Kuwasha upya kwa zamu

Swali ninaloulizwa sana ni hili: kuzima kidhibiti hakutaua kazi zinazoendelea kwenye nodi nyingine? Hapana. Kila kazi inashikiliwa na mchakato wake, `slurmstepd`, ulio kwenye nodi husika, nao unaendelea hata kidhibiti kikizimwa na hata `slurmd`, huduma ya Slurm iliyo kwenye kila nodi, ikiwashwa upya. Kitakachosimama ni amri za watumiaji: kwa dakika hizo chache `sbatch` na `squeue` zitajibu kwamba kidhibiti hakipatikani. Watangazie mapema, na usifanye Ijumaa jioni.

Kinachoua ni kuwasha kidhibiti kwa mafaili mapya wakati nodi iliyofutwa bado ina kazi. Kitasoma kumbukumbu zake, kikute kazi inayotaja nodi isiyokuwepo, na kuihesabu kuwa imeanguka. Kwa hiyo kabla ya kuendelea, endesha tena `squeue -w nodi12`. Lazima irudi tupu.

Sasa zamu yenyewe. Kama una kidhibiti cha akiba, kizime hicho kwanza. La sivyo, kile kikuu kikinyamaza kwa muda wa `SlurmctldTimeout`, ambao kwa kawaida ni sekunde 120, cha akiba kitashika usukani kikiwa na mafaili ya zamani. Halafu:

```
systemctl stop slurmctld
cp -a /var/spool/slurmctld ~/hali-nakala
```

Njia ya folda hiyo inaweza kuwa tofauti kwako. Iangalie kwenye `StateSaveLocation`. Humo ndimo ilimo foleni nzima. Nakala hii inachukua sekunde chache, na siku utakayoihitaji hutakuwa na kitu kingine cha kushika.

Kwenye nodi12 zima huduma isirudi tena: `systemctl disable --now slurmd`. Ukiiacha hai itaendelea kugonga mlango na kujaza logi za kidhibiti makosa ya jina lisilojulikana.

Sambaza mafaili mapya kwa nodi zote 15, na kwa mashine za kuingilia watumiaji pia, maana nazo zinasoma `slurm.conf`. Tumia Ansible, pdsh, au chochote ulichozoea, kisha linganisha kwa `md5sum`. Nodi zinapojisajili hutuma alama ya hesabu ya faili lao, na kidhibiti kikiona tofauti kitaandika kwenye logi kwamba nodi fulani ina `slurm.conf` isiyolingana na yake. Kuna mpangilio wa kunyamazisha onyo hilo. Usiutumie; onyo hilo limeniokoa zaidi ya mara moja.

Ikiwa klasta yako inatumia mtindo wa kutokuwa na faili kwenye nodi, uliokuja na toleo la 20.02, ambapo nodi huchukua usanidi kutoka kwa kidhibiti, hatua ya kusambaza huna.

Sasa washa upya `slurmd` kwenye nodi zote 15, kisha `systemctl start slurmctld`. Nodi zinawashwa upya kwa sababu zinapokezana ujumbe zenyewe kwa zenyewe kama matawi ya mti; nodi yenye orodha ya zamani inaweza kumtuma mwenzake aliyekwisha kuondoka. Na kidhibiti kinawashwa upya kwa sababu ndani yake nodi na kora zimepangwa kwa namba za mfuatano, na mfuatano umebadilika.

Kuanzia toleo la 23.11, `scontrol reconfigure` imetengenezwa upya: usanidi mpya ukiwa na kosa unakataliwa na ule wa zamani unaendelea kufanya kazi. Ni hatua nzuri sana. Hata hivyo, kwa kuondoa nodi mimi bado nazima na kuwasha, kwa sababu napenda kuiona klasta ikisoma kila kitu upya nikiwa macho, kuliko kugundua usiku.

Thibitisha

```
scontrol ping
scontrol show node nodi12
sinfo -N -l
squeue -t PD -o "%i %u %r"
srun -p kawaida -N 2 hostname
```

Ya kwanza iseme kidhibiti kiko UP. Ya pili ijibu kwamba nodi haipatikani, na hilo ndilo jibu unalolitaka. Ya tatu ilinganishe na lile faili la sinfo ulilohifadhi mwanzoni: pasiwe na nodi yenye nyota (*) mwishoni mwa hali yake, maana nyota ni dalili kwamba haijibu. Ya nne itafichua kazi zilizobaki bila matumaini. Kaa na logi ya kidhibiti mbele yako kwa nusu saa hivi.

Historia haipotei. Kazi zote zilizowahi kufanyika pale zimebaki kwenye hifadhidata, na `sacct -N nodi12 -S 2024-01-01` itazileta za kuanzia tarehe hiyo. Kwa sababu hiyo sishauri mashine mpya ipewe jina lilelile. Utachanganya rekodi za mashine mbili, na siku mtu akitaka kujua ni kazi zipi zilipita kwenye ile RAM mbovu hutaweza kumjibu kwa uhakika. Acha pengo kwenye namba, halimuumizi mtu.

Kama una mipaka ya matumizi uliyoipiga hesabu kwa idadi ya kora, ipitie upya: klasta imepungukiwa kora 32.

Ukitumia nodi za muda

Tangu toleo la 22.05 Slurm inakubali nodi zinazojiunga na kuondoka bila kuandikwa kwenye faili. Kwa hizo njia ni fupi: zifikishe kwenye DRAIN, hakikisha hazina kazi wala hazimo kwenye akiba, kisha `scontrol delete NodeName=nodi12`. Amri hiyo haifanyi kazi kwa nodi iliyoandikwa kwenye `slurm.conf`.

Mashine yenyewe

Wasimamizi wengi huishia hapo juu, na hili ndilo linalonisumbua zaidi ya yote. Ndani ya nodi12 kuna faili la `/etc/munge/munge.key`. Ni ufunguo uleule ulioko kwenye kila mashine ya klasta, nao ndio unaothibitisha kwamba amri imetoka kwa nani. Aliye na ufunguo huo na njia ya kufikia mtandao wako anaweza kujifanya mtumiaji yeyote, root akiwemo. Mara nyingi kuna pia funguo za SSH za root zinazofungua nodi nyingine bila nywila.

Mashine zilizostaafishwa husafiri mbali. Ranger, kompyuta kuu ya Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, ilianza kazi mwaka 2008 ikastaafishwa 2013, na sehemu ya makabati yake ikaletwa Afrika kupitia CHPC, kituo cha kompyuta kuu cha Afrika Kusini, ili itumike vyuoni, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizolengwa. Hilo ni jambo jema, na nodi yako yenye afya inaweza kuwa na maisha ya pili kwenye maabara ya sekondari. Ila iende ikiwa tupu.

Anza na data za watu: angalia `/scratch` na `/tmp` za ndani ya nodi, waulize wenye mafaili, wape siku kadhaa wayanakili. Kisha futa diski nzima, si mafaili tu. Kwa diski za kuzunguka andika juu yake kwa `shred`. Kwa SSD tumia amri ya kujifuta iliyojengwa ndani ya diski yenyewe, kwa sababu kuandika juu hakufikii kila sehemu yake. Diski iliyokufa kiasi kwamba haifutiki, itoe uiharibu kwa nyundo.

Ikiwa mashine ilishaondoka kabla hujafanya haya, badilisha ufunguo wa munge kwenye klasta nzima. Inabidi kupanga muda wa kusimamisha kila kitu, kwa kuwa mashine zenye funguo tofauti hazielewani. Najua ni usumbufu. Fanya.

Yaliyobaki ni ya dakika 20: toa jina kwenye DHCP na `/etc/hosts`, kwenye orodha ya Ansible, kwenye ruhusa za NFS ndani ya `/etc/exports`, na kwenye mfumo wa ufuatiliaji ili usianze kukupigia kelele usiku kwamba nodi12 haijibu. Bandika karatasi kwenye mashine yenyewe, yenye tarehe na neno IMEFUTWA, kabla ya kuichomoa.